Mashine yangu ya kukereza inatembea juu ya meza! Mnaojua kujenga meza isiyotikisika njooni hapa

#1 Maranda_Mengi

Wakuu habari za jioni.

Niende kwenye mada moja kwa moja maana hadi saa hizi mkono bado unanitetemeka. Niko Moro, nimepanga, kazi yangu ya mshahara ni nyingine kabisa ila mbao ndo ugonjwa wangu. Mwezi uliopita nkabahatika kimashine cha mtumba cha kukereza, yaani kinazungusha mbao wewe unaichonga na patasi, kina kama kilo 40, kitanda chake hakifiki mita moja, mota nusu hospawa, puli za ngazi tano, ya chini kama mizunguko 500 kwa dakika, ya katikati 1500 hivi, ya juu kabisa inapita 3000. Nkasema sasa nimetoka, ntakereza mabakuli, michi, miguu ya stuli, kila kitu.

Jana nkaiweka juu ya meza yetu ya zamani ya kulia chakula, ile ya miguu membamba, nkaibana na klempu mbili. Nkafunga kipande cha muembe kama kilo tatu, bado kina kona zake. Kuwasha tu, weee! Mashine ikaanza kutembea kuelekea ukutani, kikombe cha chai chini, klempu moja ikafyatuka ikapita karibu na sikio, na mimi swichi siifikii kwasababu iko ng'ambo ya lile gogo linalozunguka. Ilibidi nikimbilie ukutani nkachomoa waya. Jirani katoka nje anauliza kama ni tetemeko.

Sasa nataka nijenge meza ya maana. Maswali yangu: mbao au chuma? Urefu wa meza unapimaje? Na hii habari ya kuweka mchanga chini ina ukweli au ni stori za vijiweni? Kuchimbia sakafuni haiwezekani, mwenye nyumba wangu hata msumari wa kalenda anauulizia.

#2 Kaa_Mbali

Ngoja waje. Mi nimecheka hapo kwenye tetemeko, samahani mkuu, pole.

#3 WeldaMtaani

Mkuu hii kitu ndogo sana unaihangaikia. Njoo na vipimo, skwea paipu ya nchi mbili, miguu minne, juu tunaweka bati nene, siku moja tu umemaliza. Mbao ni kupoteza muda, inapinda, inaliwa na mchwa, na Moro mchwa mnawajua wenyewe. Chuma ni chuma.

#4 FundiKekee

@WeldaMtaani kaka yangu nakuheshimu ila hapa umeteleza. Hiyo meza ya skwea paipu nimekuwa nayo miaka miwili, najua ninachosema. Ile paipu nyembamba ya dukani ni kengele. Ukiwasha mashine inaimba mpaka meno yanauma, na mtikisiko wote ambao ungemezwa na mbao unarudi kwenye patasi, kazi inatoka na mawimbi mawimbi kama mgongo wa mamba. Unasugua msasa mpaka unalia.

Chuma kizuri kipo, kile kizito cha kumwaga kwenye kalibu, mashine kubwa za zamani zimekaa kwenye miguu ya hivyo na hazitikisiki. Tatizo langu ni paipu nyembamba yenye hewa ndani. Kwa mtu wa nyumbani mbao nene iliyofungwa kwa boliti inaishinda hiyo mbali sana. Ntarudi usiku nieleze vizuri, sasa hivi niko saiti.

#5 Bi_Randa

Maranda_Mengi pole sana kaka, na umshukuru Mungu ile klempu ilipita pembeni.

Kabla watu hawajakuchorea meza, naomba tumalize la lile gogo kwanza maana hapo ndo mchezo wote. Ulikuwa ngazi ya ngapi? Ntakisia ya katikati, kama alivyoiacha aliyekuuzia, hukugusa mkanda. Sasa nikupigie hesabu. Kipande cha kilo tatu, uzito wake umeegemea upande mmoja kwa milimita tano tu, unene wa simu hauufikii. Kwa mizunguko 500 kinavuta mashine kwa nguvu kama ya kilo nne na kidogo, mtu anaishika. Kwa 1500 mwendo umezidi mara tatu, ila nguvu haizidi mara tatu, inazidi mara TISA, yaani inafika kilo 38 hivi. Mashine yako yote ina kilo 40. Kwahiyo mara 25 kila sekunde kuna mtu anainyanyua mashine juu, anaisukuma mbele, anaigandamiza chini, anaivuta nyuma. Isitembee kwann?

Kwahiyo kona zikatwe na msumeno mpaka kipande kikaribie duara, mkanda ushushwe ngazi ya chini kabisa, ukiwasha simama pembeni, usisimame usawa wa gogo. Ukishakichonga kikawa duara kamili ndo unapandisha mwendo. Mi nimekereza kwenye meza mbovu miaka na sikuwahi kufukuzana na mashine, kwasababu nlikuwa naogopa mwendo.

Halafu swichi. Ihamishe LEO. Ya kwangu nimeifunga upande wa mkia wa mashine, kule kunakoshikilia mwisho wa mbao, chini kidogo ya meza, usawa wa paja, nikibanwa naipiga na goti.

#6 Maranda_Mengi

@Bi_Randa dada umejuaje?? Ilikuwa ngazi ya katikati kweli, mkanda sikuugusa, nlijua ndo spidi yake. Kona pia sikukata, niliona uvivu. Swichi nimekuelewa.

#7 Mzee_Keezo

Assalaam alaykum vijana wangu.

Nyie mnatafuta meza nzito, mie nlipokuwa mdogo huku Unguja nimemuona mzee mmoja akikereza miguu ya vitanda hana meza kabisa. Kaa chini mkekani, vigingi viwili vimesimama, mti umebanwa katikati, mkono mmoja anavuta upinde wenye kamba iliyozungushwa mtini, unakwenda mbele unarudi nyuma, mkono mwengine ana patasi na kidole cha mguu kinaishikilia isiteleze. Ardhi ndio ilokuwa meza yake. Itatikisika wapi ardhi?

Nasema hivyo si kwa kuwarudisha upindeni, ni mpate kuelewa kitu kimoja. Mzee yule alikuwa karibu na kazi yake, haiinamii wala hainyanyui mabega. Nyie mkisimama, kipimo chenu ni kiwiko. Simama wima na viatu unavyofanyia kazi, kunja mkono, pima toka sakafuni mpaka ncha ya kiwiko. Katikati ya shafti ya mashine ije hapo hapo, au ipande vidole viwili juu yake. Ikiwa chini, mgongo utakwambia jioni.

#8 Kaa_Mbali

Uzi umenoga. Nimevuta kiti.

#9 Mshikapatasi254

Nikiwa hapa Nakuru nawasalimu. Mimi yangu niliijenga na saipresi, hiyo ndio mbao rahisi kupata huku, na miguu ni mitatu, sio minne. Watu walinicheka ati ni stuli ya kukama ng'ombe. Lakini miguu mitatu haiwezi kuyumba hata sakafu iwe na mashimo, kila mguu unakanyaga. Ya minne lazima uwe unaweka kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja milele.

Halafu bosi usikubali mtu akudanganye uweke mpira laini wa godoro ama silipasi chini ya miguu. Nilifanya hiyo. Meza ikawa inacheza kama iko kwa maji. Kama shida ni kelele ya majirani, tafuta kipande cha tairi nzee, ile sehemu ngumu yenye nyuzi, kata nyembamba, hiyo inatosha kuzuia miguu kuteleza kwa simiti.

#10 FundiKekee

Nimerudi. Mzee_Keezo shikamoo, la kiwiko umelimaliza.

@Mshikapatasi254 miguu mitatu nakubaliana na wewe nusu. Haiyumbi kweli, ila ukiegemea kona isiyo na mguu inakulalia, na mashine hii ina kichwa kizito, kule kwenye mota na puli, upande mmoja. Minne sawa tu, mradi umalizie kwa kuichonga mpaka yote ikanyage.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho watu wengi wanakosea, hata mafundi wenye majina. Jiulizeni: mashine ya kukereza inatikisa meza kuelekea wapi? Shafti imelala kwa urefu wa meza, gogo linazunguka kwenye hiyo shafti, kwahiyo ule uzito wa upande mmoja unavuta juu, mbele, chini, nyuma. HAUVUTI kushoto wala kulia. Meza haisukumwi kwa urefu wake hata kidogo, inasukumwa kwa upana wake, upande ule mwembamba, tumboni kwako na ukutani. Ila angalia meza watu wanazojenga, mbao ya mshazari wanaipiga nyuma, kwa urefu, inapendeza kweli, halafu pembeni kushoto na kulia kuko wazi, miguu miwili na kambao kamoja. Yaani umefunga mlango ambao mwizi hapiti, ule anaopitia umeuacha na pazia.

Nguvu zako ziweke kwenye zile fremu mbili za pembeni. Kila fremu miguu miwili, mbao juu, mbao chini, halafu ama upige mshazari kona hadi kona, ama uvishe plaiwudi nzima yenye unene wa robo tatu ya nchi, ipakwe gundi na skrubu kila baada ya sentimita 10. Plaiwudi ikishikwa hivyo fremu haipindi, hata umwite nani aisukume. Na miguu isisimame wima, itanue: juu sentimita 45, chini 65 hivi. Kutanuka kwingi kupeleke nyuma, mbele kidogo tu, la sivyo utakuwa unajikwaa vidole kila siku.

Mgongoni nako visha plaiwudi, maana kichwa cha mashine kiko upande mmoja, kinaisokota meza kama unavyokamua nguo. Ukifunga pembeni mbili, mgongo, na rafu ya chini, umepata sanduku, na sanduku halisokoteki.

Juu ya meza: mbili kwa nne zako zilaze kwa UBAVU, yaani zisimame, ile nchi nne iwe ndo unene. Kumi zilizorandwa zinakupa upana wa kama sentimita 45 na unene karibu sentimita 9 na nusu. Gundi, klempu, lala nayo siku nzima. Urefu mita moja na ishirini inakutosha kwa mashine yako, usijenge ya mita mbili kwa tamaa, katikati itacheza ngoma. Na mashine iweke karibu na ukingo wa mbele, usiiweke katikati ya meza halafu uwe unaifuata kwa kifua.

Misumari SITAKI kuiona. Mtikisiko unaichomoa taratibu kama jino la mtoto. Boliti za milimita 12, zipenye mpaka upande wa pili, washa pana pande zote. Baada ya mwezi pita na spana, mbao itakuwa imekauka imesinyaa, boliti zimelegea, kaza. Rudia tena baada ya miezi mitatu.

#11 WeldaMtaani

Sawa fundi umeongea, sibishani na ukweli. Ila chuma usikitukane. Mtu akitaka chuma atumie engo aini nene, au zile paipu azijaze mchanga mkavu, akishindilia haiimbi tena, mi nimewahi mfanyia mtu wa grainda hivyo.

Sema nitoe angalizo kwa vijana wanaojaribu: usijaze mchanga paipu halafu ukaziba pande zote kwa kuchomelea. Mchanga ukiwa na unyevu, moto wa kuchomelea unageuza maji kuwa mvuke na mvuke hauna pa kutokea, inaweza kukulipukia. Chomelea kila kitu kwanza, acha tundu, ikipoa ndo mimina mchanga halafu ziba tundu kwa boliti.

#12 Maranda_Mengi

Wakuu nimeshiba. Swali la mbao sasa. Huku paini ya Mafinga ndo imejaa, mkaratusi upo, mninga bei imenikimbiza. Kuna jamaa kijiweni kaniambia niweke mpingo ndo mzito kuliko yote, vipi?

#13 Bi_Randa

Hahaha mpingo wa meza! Kaka mpingo ule ule ambao nje wanatengenezea klarineti na zumari zao, unaozama ukiutia majini, wewe uuwekee kimashine cha kilo 40 juu? Ukipata mpingo wa kutosha miguu minne nitumie mimi nikuletee meza mbili za paini na chenji.

Paini inatosha. Watu wanadhani mbao ngumu ndo dawa, dawa ni unene na viungo. Ila paini iwe KAVU. Zile zinazoshushwa kwenye lori zinalia maji ukipiga msumari, ukijengea hiyo leo, baada ya miezi miwili meza imepinda kama ndizi. Zipange kivulini na vijiti kati kati hewa ipite, au tafuta mbao za nyumba iliyobomolewa, kenchi za zamani, hizo zimemaliza kusinyaa kabla hujazaliwa. Kazi yake ni kuwinda misumari tu, ukiacha mmoja randa yako itakutafuta.

Mkaratusi mi siupendi, una nguvu ila unapasuka na kujisokota wakati unakauka.

#14 Maranda_Mengi

Nimepata! Jamaa kabomoa banda Kihonda, kenchi za mbili kwa nne za zamani na nne kwa nne sita. Nimeng'oa misumari mpaka viganja vimetoa malengelenge. Na la mchanga je? Nijaze au nisijaze?

#15 FundiKekee

Jaza, lakini mwisho. Uzito haurekebishi meza mbovu, meza inayoyumba ukiiwekea kilo mia inakuwa meza nzito inayoyumba. Kwanza simamisha mashine, jaribu, ndo uongeze mchanga.

Chini kwenye rafu tengeneza sanduku, mfano mita moja kwa sentimita 40, kina sentimita 20. Hilo linabeba mchanga kama kilo 125 mpaka 130, mchanga mkavu ni kilo 1600 hivi kwa mita moja ya ujazo. Zaidi ya uzito, mchanga wenyewe unakula mtikisiko, chembe zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Zege halifanyi hivyo, na siku ukitaka kuhamisha utalia.

Mchanga uanikwe juani kwanza, uchekeche, ndani ya sanduku tandika nailoni. Ukiweka mbichi unaozesha mbao na kutia kutu boliti. Na LIFUNIKE. Mimi nliacha wazi, maranda yakaanguka humo mwaka mzima, paka wa jirani akakuta mahali pazuri pa shughuli zake, sitaki kueleza zaidi.

#16 Mzee_Keezo

Hahahaa paka ana haki zake.

Na nyayo za miguu zipakwe oili chafu ya gari, zinywe usiku kucha, kabla hujasimamisha. Mchwa hupanda kwa kutokea chini.

#17 Maranda_Mengi

MREJESHO WA KWANZA.

Wiki tatu za jioni jioni. Fremu za pembeni zimetoka vizuri mno, nimevisha plaiwudi, nikasimama juu ya moja nikairusha rusha, kimya. Sehemu ya juu niliunga kwa mafungu mawili ya mbao tano tano kwasababu klempu zangu hazifiki, halafu nikaunganisha mafungu mawili kwa fito tatu za chuma zenye uzi zilizopenya upana wote na nati kila upande. Ikanyooka.

Sasa aibu. Kiwiko changu na gambuti ni sentimita 110. Nkaongeza tatu, 113. Shafti ya mashine toka kwenye nyayo zake ni 27. Toa, meza iwe 86. Hesabu safi kabisa, hata mke wangu aliikagua. Nikakata miguu ili fremu ziwe na kimo cha 86, nikafunga kila kitu, nikapandisha mashine, nikasimama mbele yake... shafti iko kifuani! Nilisahau unene wa meza yenyewe. Sentimita tisa na nusu zote nimeziongeza juu. Wiki nzima nimefanya kazi nimesimama juu ya kreti ya soda.

#18 Bi_Randa

😂😂😂 Kreti hapana kaka, ukiteleza unaangukia mashine. Afadhali mguu mrefu unakatika, mfupi ungefanyaje? Laza meza, kata 9.5, ila kata kwa pembe ile ile ya mtanuko, usikate mraba, la sivyo mguu utakanyaga kwa ncha.

#19 Mshikapatasi254

Na baada ya kukata, jaribu kukanyaga kwa sakafu kabla ya kuweka mashine. Weka mguu moja moja kipande cha kaboni ama chaki kwa sakafu, uone ni gani haijagusa, uchonge ile mirefu pole pole. Usiweke kabari kwa mfupi, hizo hutoka zenyewe saa mbaya.

#20 Maranda_Mengi

Nimekata, nimechonga, yote minne inakanyaga. Oili chafu nimepaka upya. Mashine iko usawa wa kiwiko na ntasema ukweli sikujua kama tofauti ni kubwa hivi, mabega yameshuka yenyewe.

Ila kuna kitu. Nikiwasha ngazi ya katikati BILA mbao yoyote, mashine tupu, kuna mtikisiko mdogo, dud dud dud dud. Nimemwaga mchanga wote, kilo mia na kitu, nilibeba kwa ndoo, bado upo. Na pili, nikisogeza mkia mpaka ncha yake na ile ya kichwa zikutane, hazikutani, ya mkia iko kushoto kama milimita mbili. Kabla ya kufunga zilikuwa zinabusiana.

#21 FundiKekee

Ncha kwanza. Umekaza boliti za mashine kwenye meza ambayo haiko sawa kabisa, kwahiyo umekipinda kitanda cha mashine. Chuma kinapindika mkuu, usidanganyike na sura yake. Legeza boliti zote nne, iache ikae inavyotaka. Gusa kila unyayo, utakuta mmoja unaelea. Kata kipande cha kopo la soda, tia chini ya huo, ongeza kimoja kimoja mpaka unyayo ukae, ndo ukaze kidogo kidogo kwa kupokezana kona, kila ukikaza unaangalia ncha.

#22 Bi_Randa

Na huo mtikisiko wa mashine tupu usiutafute kwenye meza, meza umeimaliza. Hakuna gogo, kwahiyo kinachotikisa kiko kwenye mashine yenyewe. Toa mkanda, washa mota peke yake. Kama dud dud imekwisha, mota ni nzima, angalia mkanda. Mashine ya mtumba ilikaa muda mrefu haifanyi kazi, mkanda unashika umbo la puli, unakuwa na mkunjo, kila mkunjo ukipita kwenye puli unapiga. Kama mkanda mzima, zungusha shafti kwa mkono taratibu usikilize beringi.

#23 Kaa_Mbali

Huyu dada ni daktari.

#24 Maranda_Mengi

MREJESHO WA PILI na nadhani wa mwisho.

Ilikuwa mkanda. Nimeutoa nikaulaza mezani ukabaki na umbo la namba nane, haunyooki. Nimepata mpya kwenye duka la spea za mashine za kusaga. Unyayo wa nyuma kulia ndo ulikuwa unaelea, vipande vitatu vya kopo la soda, ncha zimebusiana tena.

Nkaweka glasi ya maji juu ya meza, mashine tupu ngazi ya katikati, maji yanatetemeka kidogo usoni, hayamwagiki. Nkashawishika, nikasimamisha sarafu ya mia mbili kwa ukingo wake. Imesimama. Nikaita familia yote ije kuangalia sarafu, wakaniangalia mimi.

Halafu nikachukua lile lile gogo la muembe lililonikimbiza. Nikalikata kona, ngazi ya chini, nikasimama pembeni, goti karibu na swichi. Mtetemo ulikuwepo, ila meza haikusogea hata nywele, niliweka alama ya chaki kuzunguka miguu na asubuhi chaki bado iko hapo. Kufika jioni nina bakuli. Lina ufa upande mmoja, mbao ilikuwa mbichi kidogo, lakini mke wangu kaliweka matunda na haruhusu mtu aliguse. Yule jirani wa tetemeko kaja kuulizia miguu minne ya stuli.

Bi_Randa, FundiKekee, Mzee_Keezo, Mshikapatasi, na Welda pia, asanteni mno.

#25 WeldaMtaani

Picha iko wapi?

#26 Maranda_Mengi

Inagoma kupanda, faili kubwa. Ntajaribu kesho.

#27 WeldaMtaani

Poa. Na mwenye nyumba akikwambia uhame, hilo dude utalibebaje?

#28 Maranda_Mengi

Boliti zinafunguka zote mkuu, fremu mbili, mgongo, juu, nalipakia kwenye kirikuu. Mchanga ntamwachia paka.